Basi la Zamani Linavuja Dizeli: Soma Dalili Kabla ya Kushika Spana

Nati iliyolowa dizeli si lazima iwe ndiyo inayovuja. Dizeli hutambaa. Inatoka kwenye washa (kile kipete cha kuzibia maungio) ya juu, inafuata paipu, inashuka kwenye bloku, upepo wa feni unaisukuma nyuma, na mwisho inadondoka mahali pasipohusika kabisa. Fundi akiona tone hapo, anakaza hapo. Washa inapondeka au nyuzi za nati zinakwisha, na gari linarudi barabarani likivuja sehemu mbili badala ya moja. Hili ndilo linalorudiwa kila siku kwenye gereji za Dar es Salaam, na ndiyo sababu mwongozo huu unaanza na dalili.

Unahusu injini za zamani zisizo na kompyuta: Toyota Coaster yenye injini ya 1HZ na pampu fupi ya VE, pamoja na Rosa, Scania na mabasi mengine yenye pampu ya mstari, ile ndefu yenye elementi, yaani kijipampu chake, moja kwa kila silinda. Gari lenye nozeli (virushio vya dizeli ndani ya silinda) za umeme lisitibiwe kwa maelezo haya. Presha yake ni kubwa mara kadhaa na halikubali kulegezwa nati likiwa linawaka.

Kabla ya kugusa chochote

Dizeli hudharauliwa kwa sababu haishiki moto kirahisi kama petroli. Ikiwa imetulia kwenye ndoo inahitaji joto la nyuzi 55 za Selsiasi hivi au zaidi ndipo mvuke wake uwake. Lakini ikirushwa kama manyunyu juu ya manifoldi ya ekzosi au tabo (tabochaja, inayozungushwa na moshi wa injini) ni habari nyingine. Basi linalopanda mlima na mzigo linaweza kuwa na tabo iliyozidi nyuzi 400, na dizeli huwaka yenyewe bila cheche kwenye nyuzi 250, hata chini ya hapo. Moto wa basi huanza hivyo, na ndani kuna watu.

Kwa hiyo zima injini, iache ipoe, chomoa waya wa hasi wa betri, weka mtungi wa kuzimia moto mahali unapoufikia kwa mkono. Hakuna sigara, hakuna kuchomelea jirani.

Kisha safisha. Tumia brashi na sabuni, kausha kwa upepo wa kompresa au kitambaa. Injini iwe imepoa: usimwagie maji baridi pampu yenye moto, maana ndani yake kuna plunja zinazopishana kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele, na chuma kikijikaza ghafla zinaweza kukwama. Ikikauka, nyunyizia pauda ya mtoto kwenye maungio yote, tandika boksi safi chini, washa injini dakika chache bila kuikanyaga, halafu zima na umulike kwa tochi. Pauda italowa kwanza pale dizeli inapoanzia. Kazi hii inakula nusu saa na inaokoa siku nzima.

Jua pia unatazama upande gani wa njia ya dizeli. Kutoka tenki hadi fidi pampu, ile ndogo inayovuta dizeli, ni upande wa kuvuta: hapo tundu huingiza upepo kuliko kutoa dizeli. Kwenye pampu ya mstari, kutoka fidi pampu kupitia filta hadi pampu kubwa (ile inayosukuma dizeli kwenye nozeli) ni presha ndogo: tundu hudondosha; kwenye VE ya 1HZ fidi pampu imo ndani ya pampu kubwa, hivyo filta nayo iko upande wa kuvuta. Kutoka pampu kubwa hadi nozeli ni presha ya kuua. Kutoka nozeli na pampu kurudi tenki ni njia ya kurudisha, haina presha ya kutisha, lakini ndiyo inayochafua injini nyingi.

Dalili ya 1: Matone chini na harufu, lakini gari lina nguvu zake zote

Hii ndiyo inayoletwa zaidi. Kwenye Coaster abiria wa mbele hulalamika kabla ya dereva, kwa sababu injini iko chini ya kifuniko ndani ya gari.

Anza na hozi ndogo za kurudisha dizeli kwenye nozeli. Mpira wake hukauka kwa joto, ukiukunja unaona nyufa. Zibadilishe zote kwa pamoja, hata kama inayovuja ni moja, kwa sababu zimezeeka siku moja. Nunua hozi ya dizeli, ile yenye uzi. Mpira wa gesi ya jikoni au wa maji hulainika na kuvimba ndani ya wiki chache. Kwenye injini zinazotumia paipu ya chuma ya kurudisha badala ya hozi, kama 1HZ, tatizo huwa ni gasketi au washa za chini yake.

Inayofuata ni filta, hasa kama gari limetoka kwenye sevisi karibuni. Ifungue uangalie kama oringi ya filta ya zamani haikubaki imeganda juu, na mpya ikafungwa juu yake. Filta ya kuzungusha hukazwa kwa mkono: mpira ukigusa, ongeza robo tatu ya mzunguko, basi. Ile inayofungwa na boliti moja katikati, angalia washa ya boliti hiyo. Na usisahau hendi pampu iliyo juu ya filta, kwani mipira yake ya ndani hupasuka na dizeli hutokea kwenye shina la kupampia.

Kisha boliti zenye tundu katikati na washa zake za kopa. Washa iliyokwishafungwa imekuwa ngumu na haizibi tena vizuri. Weka mpya, bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na dizeli inayopotea. Ukiwa njiani na huna mpya, ichome ile ya zamani mpaka ing'ae wekundu hafifu, iache ipoe, sugua masizi, ndipo uirudishe. Kopa hulainika tena kwa kuchomwa. Usizungushe tepu nyeupe ya mafundi bomba kwenye nyuzi za njia ya dizeli. Vipande vyake hukatika na kwenda kuziba nozeli. Silikoni nayo haidumu ikilowa dizeli.

Mwisho, lala chini uangalie paipu za chuma zilizopita kwenye chasisi. Hewa ya pwani ina chumvi, na magari yanayolala Kigamboni, Msasani au Kunduchi huoza mapema pale paipu inapobanwa na kilipu, kwa sababu hapo maji na tope hukaa. Ukiibonyeza kwa kucha ikabonyea, paipu hiyo imekwisha.

Usidharau tone. Tone moja kila sekunde ni lita kadhaa kwa saa 24. Zaidi ya gharama, dizeli ikimwagika barabarani mvua ikianza, mwenye bodaboda anayekufuata nyuma ndiye anayeanguka.

Dalili ya 2: Asubuhi gari haliwaki mpaka upampu kwa mkono

Dereva anakuja saa 11 alfajiri, stata inalia, injini inashika kidogo na kuzima. Utingo anapampu, linawaka, na linafanya kazi siku nzima bila tabu. Chini pakavu kabisa. Wengi hukimbilia kubadilisha betri, stata au nozeli, na fedha zinakwisha bila tatizo kuondoka.

Hapa karibu kila mara gari limevuta upepo. Usiku, dizeli iliyo kwenye paipu hurudi tenki kwa uzito wake, na nafasi yake inajazwa na hewa iliyopita kwenye tundu lisiloweza kuonekana. Mabasi yenye injini nyuma na tenki mbele huathirika zaidi, kwa sababu paipu ya kuvuta ni ndefu na ina maungio mengi.

Pima hivi. Weka kipande cha hozi angavu baada ya fidi pampu, kabla ya filta (kwenye 1HZ, kabla tu ya pampu kubwa). Washa injini. Dizeli ikipita safi bila mapovu, upande wa kuvuta ni mzima, na tatizo lipo mbele. Mapovu yakipita mfululizo, chomoa paipu inayotoka tenki, chovya hozi safi kwenye dumu la dizeli na uiunge moja kwa moja na fidi pampu. Mapovu yakiisha, kosa liko kati ya tenki na fidi pampu. Yakiendelea, kosa ni fidi pampu yenyewe au maungio yake. Kipimo hiki cha dumu nakiamini kuliko kingine chochote kwenye dalili hii, na hakihitaji kifaa cha kununua.

Kosa likiwa kati ya tenki na pampu, chunguza kwa mpangilio huu: kilipu zilizolegea kwenye hozi za mpira, hozi zilizochanika ndani huku nje zikionekana nzima, kichujio kidogo cha awali na bakuli lake la kutenga maji, paipu iliyosuguana na chasisi, na mwisho kabisa paipu ya kufyonzea iliyo ndani ya tenki. Hiyo ya mwisho ikitoboka katikati, gari huzima tenki likifika nusu na huwaka vizuri likijazwa. Ukisikia dereva anasema "tenki likijaa halina shida", nenda moja kwa moja hapo.

Kosa likiwa fidi pampu, angalia vali zake ndogo. Uchafu mdogo ukikaa kwenye kiti cha vali, dizeli inarudi nyuma. Mara nyingi kuisafisha na kubadilisha washa kunatosha.

Ukikuta upande wa kuvuta ni mzima, angalia vali ya njia ya kurudisha kwenye pampu kubwa. Ikichoka haishiki dizeli, nayo hurudi tenki kwa njia hiyo.

Dalili ya 3: Injini inamisi (silinda moja haiwaki vizuri), na juu ya nozeli kuna ukungu au dizeli inayoruka

Simamisha gari. Hii haingoji kumaliza ruti.

Nozeli za injini hizi nyingi hufunguka kwenye presha ya kati ya baa 120 na 250, na ndani ya paipu presha hupanda zaidi ya hapo. Mchirizi mwembamba kutoka kwenye ufa hupenya ngozi. Kidole kinaonekana kimechomwa na sindano tu, hakiumi sana mwanzoni, halafu saa chache baadaye mkono umevimba na nyama ya ndani inakufa. Aliyechomwa hivyo hapelekwi duka la dawa. Anapelekwa hospitali kubwa yenye wapasuaji saa hiyo hiyo, na anawaambia kwa maneno wazi kwamba ni dizeli ya presha iliyoingia ndani ya ngozi. Asisubiri kuona kama kutavimba. Usitafute tundu la paipu ya nozeli kwa mkono, hata ukivaa glavu. Pitisha kipande cha boksi kwa mbali na uangalie kinapolowa.

Sababu ya kwanza ni nati ya paipu iliyolegea au iliyokazwa kupita kiasi. Nati nyingi za aina hii huhitaji Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) 20 hadi 30 tu. Zima injini, legeza, futa, angalia kichwa cha paipu na kiti chake kama kuna mkwaruzo, kaza tena kwa kipimo. Ikivuja tena baada ya hapo, kuongeza nguvu hakutasaidia, kichwa cha paipu kimeharibika.

Sababu ya pili ni ufa kwenye paipu, na karibu kila mara utakuta vishikizo vyake havipo. Kuna fundi aliyevifungua siku moja akaona vinamchelewesha, hakuvirudisha. Paipu bila vishikizo hutetemeka mpaka chuma kinachoka. Paipu hii haichomelewi wala haiungwi kwa shaba. Inabadilishwa kwa paipu ya injini ile ile na silinda ile ile, kwa sababu urefu na tundu la ndani huathiri wakati na kiasi cha dizeli kinachofika. Kariakoo na Ilala utazipata zilizotumika. Chagua ambayo haijawahi kunyooshwa na kukunjwa upya.

Sababu ya tatu, nozeli yenyewe kuvuja kwenye mwili wake. Hiyo mpe fundi nozeli mwenye mashine ya kupimia.

Dalili ya 4: Oili inaongezeka badala ya kupungua

Dereva akikwambia kwa furaha kwamba gari lake "halili oili kabisa", chomoa stiki ya kupimia oili. Kama oili imepita alama ya juu, ni nyepesi, na inanuka dizeli, gari lisiwashwe tena, hata kusogezwa mita 10. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe ulinganishe na tone la oili mpya: yenye dizeli husambaa haraka na kuacha duara la mafuta mepesi pembeni.

Dizeli ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) huondoa ulainishaji unaokinga beringi za krenki. Ikizidi, injini inaweza kuanza kunywa hiyo oili yenye dizeli na kupanda mizunguko yenyewe bila kuzimika kwa swichi. Hapo huzimwa kwa kuikata hewa: ziba mdomo wa kuingizia hewa kwa ubao mpana au bamba la chuma, si kwa mkono wala kitambaa. Ikiwa huwezi kuufikia bila kusimama karibu na injini, ondoa watu na ukae mbali.

Njia dizeli inazopitia, kwa kuanza na ya kawaida: fidi pampu yenye mpira uliopasuka au shina lililolika, maungio ya kurudisha yaliyo chini ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) kwenye injini zenye muundo huo, kisha sili ya mbele ya pampu kubwa au elementi zilizolika. Fidi pampu unaweza kuibadilisha mwenyewe. Yaliyobaki ni ya fundi pampu. Vyovyote iwavyo, mwaga oili yote na ubadilishe filta ya oili baada ya ukarabati. Kupunguza mpaka kwenye alama hakutoshi, kwa sababu iliyobaki bado ni oili iliyokufa.

Dalili ya 5: Pampu kubwa yenyewe inalowa

Pauda ikikuonyesha kwamba dizeli inatoka kwenye mwili wa pampu, kazi yako imekaribia mwisho. Kwenye pampu fupi za VE, oringi ya shimoni la akselereta ndiyo hutangulia, halafu ya kichwa cha nyuma, halafu sili ya mbele. Hiyo ya mbele ni ya hatari kwenye 1HZ, maana pampu yake inaendeshwa na mkanda wa taimingi. Dizeli inaingia ndani ya kava, mkanda unalainika, na ukikatika vali zinagonga pistoni. Ukiona dizeli inachuruzika chini ya kava ya taimingi, egesha gari mpaka pampu itoke, na mkanda uliolowa usirudishwe.

Kwenye pampu za mstari, dizeli hutokea chini ya delivari vali, pale paipu za nozeli zinapoanzia. Kishawishi ni kuzikaza. Usifanye hivyo kwa kukisia: zikikazwa ovyo zinaminya elementi, plunja inakwama, na dizeli ya silinda hiyo inaharibika kipimo. Pampu ifunguliwe, ibadilishwe oringi, ipimwe benchini.

Kuna jambo moja linaloeleza kwa nini pampu zilizokaa kavu miaka mingi zilianza kulowa. Kuanzia 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa ndogo, isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Usafishaji wake huondoa pia baadhi ya kemikali zilizokuwa zikiivimbisha mipira ya zamani kidogo na kuifanya izibe. Mpira mzee ukikosa kemikali hizo husinyaa. Mwombe fundi pampu akuwekee sili za Viton au zinazofaa dizeli ya sasa, na umwambie hivyo kabla hajafungua.

Dalili ya 6: Tenki linalowa

Kwanza uliza kama limejazwa hadi mdomoni. Dizeli hutanuka kama asilimia 0.08 kwa kila nyuzi moja ya joto. Tenki la lita 300 likipata joto la nyuzi 10 zaidi juani, lita 2 na nusu zinatafuta pa kutokea. Acha nafasi, na matone yatakoma.

Kama ni kutu au ufa chini ya mkanda unaolishikilia, sabuni ya kipande ikisuguliwa kwenye tundu dogo itakufikisha gereji, kwa sababu haiyeyuki kwenye dizeli. Hiyo ni ya kukufikisha tu. Kuchomelea tenki ni kazi ya mtu mwenye utaratibu kamili wa kuondoa mvuke. Tenki tupu lenye mvuke hulipuka, na limeua wachomeleaji wazoefu.

Barabarani, kukiwa na moshi au moto

Simama pembeni, zima injini, fungua milango, teremsha abiria wote na uwapeleke mbali upande wa upepo unakotoka. Zimamoto ni 114. Kifuniko cha injini usikifungue wazi, kwa sababu hewa ikiingia ghafla moto hupanda. Mwanya mdogo unatosha kupuliza mtungi. Moto ukiwa umeshafika kwenye kabini, acha gari. Tajiri akipiga simu kuuliza hesabu ya leo, jibu ni kwamba abiria wako salama.

Baada ya kutengeneza

Toa upepo kwa mpangilio. Legeza boliti ya juu ya filta, pampu kwa mkono mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza. Rudia kwenye boliti ya pampu kubwa. Likigoma kuwaka, legeza nati za paipu za nozeli mbili, uso wako ukiwa mbali, piga stata sekunde 15 kwa wakati mmoja na uiache ipumzike, kisha kaza kabla ya kuendelea. Futa kila kilicholowa, pauda tena, boksi jipya chini.

Vitambaa na dizeli chafu viweke kwenye dumu la oili chakavu. Mfereji wa gereji nyingi za Buguruni na Tabata huishia Mto Msimbazi.

Gari likirudi kutoka safari ya kwanza, liangalie likiwa bado la moto, kisha asubuhi yake likiwa baridi kabla halijawashwa. Washa nyingine huziba injini ikiwa na joto na kuachia ikipoa, na boksi la asubuhi ndilo litakaloonyesha.